Kilichobaki Malishoni

Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda mapori ya asili, na ndani yake likaweka katazo ambalo ni jepesi kulisoma lakini si jepesi kuishi nalo: katika mapori hayo hapapiti gari, hapapiti pikipiki, wala chombo kingine chochote cha usafiri chenye mitambo. Hata baiskeli imo katika katazo hilo. Sasa fikirieni safu ya milima ya Sierra Nevada, mashariki mwa jimbo la California, yenye hifadhi za taifa za Yosemite, Sequoia na Kings Canyon. Kila mwaka theluji na miti inayoanguka huharibu njia za miguu, madaraja ya mbao yanaoza, na askari wa hifadhi wanakaa vituo vya mbali kiangazi kizima. Misumeno, mbao, mahema na chakula lazima vifike huko. Wapo pia watalii wasioweza kubeba mizigo yao wenyewe. Kwa sehemu kubwa, kazi hiyo hufanywa na farasi na nyumbu. Nasema nyumbu wale wa kubeba mizigo, waliozaliwa na punda dume na farasi jike, si hawa wetu wa Serengeti. Na mnyama huyo jioni akishushwa mzigo anataka kula. Farasi wa kilo 450 hula takriban kilo 10 za majani makavu kwa siku, na huko milimani majani mazuri hayapo kila mahali. Yapo katika mabonde machache yenye unyevu, katikati ya mawe na misonobari.

Basi swali la leo ni hili: wanyama hao walishwe vipi katika mahali ambapo sheria inataka paachwe katika hali yake ya asili? Hoja nitakayoitetea ni kwamba jibu haliwezi kutoka kwenye kalenda, wala kwenye hesabu ya wanyama peke yake. Litoke kwenye bonde lenyewe: udongo wake umekauka kiasi gani mnyama anapoingia, na majani yaliyobaki ni kiasi gani anapotoka. Anayesimamia malisho apime kilichobaki, na kiwango anachotaka kibaki akitangaze mapema, watu wakijue.

Tatizo hili si la juzi. Katika miaka ya 1860 na 1870 wafugaji walipandisha makundi makubwa ya kondoo kwenye milima hiyo kila kiangazi. John Muir, ambaye baadaye alikuwa sauti kubwa kuliko zote katika uhifadhi wa nchi ile, alipanda huko mwaka 1869 akiwa kibarua wa kusaidia kuchunga kundi la kondoo takriban 2,000, na aliyoyaona yalimfanya awalinganishe kondoo na nzige. Mwaka 1890 hifadhi za Sequoia na Yosemite zilipoanzishwa, kanuni zilikataza mifugo lakini sheria haikuweka adhabu ya maana kwa mvunjaji. Wanajeshi wa farasi waliopewa kazi ya ulinzi wakabuni mbinu yao: mchungaji alitolewa kupitia upande mmoja wa hifadhi, kondoo wake wakafukuzwa kupitia upande wa pili, ng'ambo ya milima. Hadi awakusanye tena, kiangazi kimekwisha na hasara ameshaila. Lakini kumbukeni kwamba askari hao hawakwenda kwa miguu. Walikuwa na farasi wao, nao walikula majani yale yale.

Kisha wakaja wapenzi wa milima wenyewe. Kuanzia mwaka 1901 klabu ya Sierra, ambayo Muir alikuwa rais wake, iliandaa safari za kila kiangazi zilizokuja kuwa na hadi watu 200 kwa mkupuo mmoja, na nyuma yao misururu ya nyumbu wenye vyakula, masufuria na matandiko. Nia ilikuwa njema: mtu akiyaona mabonde yale atayatetea. Ila kundi la namna hiyo likilala usiku mbili mahali pamoja, bonde haliulizi nia ya mtu. Mwaka 1941 mwanabiolojia wa idara ya hifadhi za taifa, Lowell Sumner, aliandika ripoti maalumu kuhusu malisho ya Kings Canyon, hifadhi iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla. Kondoo walikuwa wameshaondoka zamani, na bado mabonde yalikuwa taabani. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani uharibifu huletwa na watu wabaya, na kwamba ukishawafukuza kazi imekwisha.

Tuangalie kinachotokea ardhini, maana hapo ndipo hoja yote inaposimama. Bonde la nyasi la milimani huishi kwa maji. Theluji huyeyuka polepole, maji yakazama na kukaa karibu sana na uso wa ardhi, na katika unyevu huo huota majani ya jamii ya ndago ambayo mizizi yake imesukana kama jamvi. Mizizi hiyo ndiyo inayoshika udongo. Mpe sasa nyumbu ruhusa ya kuingia humo mapema, udongo ungali tepetepe. Kwato zake zinatoboa. Kila hatua inaacha shimo la upana wa bakuli, shimo linajaa maji, kingo zake zinainuka na kupasuka, na mizizi iliyokatika inabaki ikining'inia hewani na kukauka juani. Mwaka unaofuata maji ya theluji yanapata mahali pa kuanzia: yanaunganisha shimo na shimo, yanachimba mfereji, na kichwa cha mfereji kinapanda juu kidogo kidogo kila mwaka. Mfereji ukishafika kina, maji ya ardhini nayo yanashuka kuufuata. Ndago inakosa maji na kufa, nafasi yake inashikwa na mimea ya nchi kavu, kisha miche ya misonobari. Hapo pamekwisha kuwa pahala pengine, na hata ukiwaondoa farasi wote leo mfereji hautajifukia wenyewe. Chura wa Yosemite, anayetaga katika vidimbwi vya kina kifupi kwenye mabonde kama hayo, aliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya serikali ya viumbe walio hatarini. Sisemi nyumbu ndio waliomfikisha huko. Nasema makazi yake ni hayo hayo wanamokanyaga.

Farasi ana mambo yake mengine yanayomtofautisha na ng'ombe. Ng'ombe huzungushia majani ulimi na kuyavuta. Farasi ana meno ya mbele juu na chini, kwa hiyo hukata karibu kabisa na ardhi. Hacheui, chakula hupita upesi tumboni mwake, na kwa sababu hiyo hula saa nyingi, usiku na mchana. Tena huchagua. Hurudi pale pale alipokula jana kwa kuwa machipukizi ni laini, akaacha majani marefu yaliyokomaa hatua chache pembeni. Akishiba hulala chini na kugaagaa, na mahali pa kugaagaa huwa pale pale kila siku, mpaka panabaki kiduara cha vumbi tupu. Ukihesabu wastani wa majani ya bonde zima unaweza kuambiwa hali ni nzuri, kumbe theluthi moja yake imenyolewa na kipande kimegeuka uwanja.

Ushahidi wa vipimo upo. Huko Yosemite, watafiti wakiongozwa na David Cole walifanya utafiti wa miaka mitano, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004. Walichagua mabonde ya aina tatu, wakalisha farasi na nyumbu kwa misimu minne katika vipande vilivyopimwa, kuanzia kipande kilicholiwa asilimia 15 tu ya majani yake hadi kilicholiwa asilimia 69. Baada ya misimu hiyo minne, uwezo wa bonde kuotesha majani ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 18 katika aina ya kwanza, 17 katika ya pili, na 22 katika ya tatu. Kadiri majani yalivyoliwa zaidi ndivyo udongo mtupu ulivyoongezeka. Jambo lililonivutia zaidi katika utafiti huo ni kwamba aina za mimea hazikubadilika kwa mpangilio unaotabirika. Maana yake, mtaalamu anayetembelea bonde na kuridhika kwa sababu mimea aliyoizoea bado ipo anaweza kudanganyika. Dalili za mapema ni wingi wa majani na ukubwa wa udongo ulio wazi. Nao watafiti wakasema bila kuuma maneno kwamba kuyaacha malisho yajiendeshe yenyewe hakutoshi pale wanyama wanapopita kila mwaka.

Nimesema kalenda haifai. Hebu tazameni miaka miwili. Tarehe 1 Aprili 2015, theluji katika milima ya California ilipimwa ikawa asilimia 5 tu ya wastani wa tarehe hiyo. Mwanzoni mwa Aprili 2023 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani. Msimamizi aliyeandika kwenye ubao kwamba bonde hufunguliwa tarehe fulani ya Julai, iwe iwavyo, mwaka wa kwanza amewazuia watu bure huku majani yakikauka, na mwaka wa pili amewaingiza kwenye matope. Hifadhi za Sequoia na Kings Canyon zililiona hili mapema. Mpango wao wa malisho wa mwaka 1986 uliweka tarehe za kufungua zinazobadilika kufuatana na mwaka kuwa mkavu, wa kawaida au wa maji mengi, na kufuatana na bonde lenyewe lilivyo. Wanyama wa kundi moja hawazidi 20. Kila kundi hutoa taarifa ya mahali lilipolala na idadi ya wanyama, na hesabu hujumlishwa kwa usiku: wanyama 10 wakilala usiku mbili, bonde limebeba 20. Kisha kuna kazi ya kuinama chini. Fremu huwekwa juu ya nyasi, majani yaliyo ndani yake hukatwa hadi usawa wa udongo, hukaushwa na kupimwa uzito, na hivyo hujulikana ni kiasi gani kimebaki kwa kila eneo la kipimo. Kikipungua chini ya kiwango kilichowekwa kwa bonde hilo, matumizi ya msimu unaofuata hupunguzwa.

Kwa nini kilichobaki na si kilicholiwa? Kwa sababu kilicholiwa ni vigumu kukijua bila kujua kilichokuwapo, na kilichokuwapo hubadilika kila mwaka. Kilichobaki unakiona. Tena ndicho chenye kazi: majani yaliyosimama hupunguza kasi ya maji, hufunika udongo dhidi ya jua na baridi, huoza na kurudisha rutuba, na hulinda machipukizi ya mwaka ujao. Wanyama 20 katika mwaka mnono wanaweza wasiache alama, na wanyama 6 katika mwaka wa ukame wakamaliza bonde. Anayetangaza idadi bila kuangalia chini anahesabu midomo na kusahau sahani.

Kuna watakaouliza: si kuna kulungu huko, nao hula? Na nyumbu wamepita milimani kwa zaidi ya miaka 100, mbona milima ipo? Kulungu wapo, lakini kulungu ni mwepesi, huzunguka, na hula zaidi vichaka na majani mapana kuliko nyasi. Hafungwi miguu ya mbele kwa kamba jioni ili asiende mbali, wala hafuati farasi jike mwenye kengele shingoni hadi kwenye bonde lililo karibu na kambi. Tatizo la mnyama wa mizigo ni kwamba binadamu ndiye anayemchagulia mahali pa kulala, na binadamu hupenda mahali pale pale: penye maji, penye kivuli, na mwendo wa siku moja kutoka kituo kilichopita. Kuhusu miaka 100, ni kweli wanyama wa leo ni wachache kuliko wa enzi za zile safari kubwa, na ni kweli mabonde kadhaa yamepata nafuu. Hiyo inaonyesha kwamba mzigo ukipunguzwa bonde huitikia. Haionyeshi kwamba mzigo haukuwa na madhara.

Wengine husema wanyama wabebe chakula chao. Kwa safari fupi linawezekana na linafaa, ilimradi chakula hicho kiwe hakina mbegu za magugu, maana kinyesi cha farasi ni mpanzi hodari. Lakini pigeni hesabu. Nyumbu hubeba kama kilo 70 katika nchi ya milima, naye anahitaji takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Safari ya siku 10 ni kilo 100. Hata ukimpa chakula kilichosagwa na kushindiliwa, sehemu kubwa ya shehena ni tumbo lake mwenyewe, na ili kufikisha mzigo ule ule wa binadamu utahitaji nyumbu wengi zaidi njiani. Njia nayo huumia kwa kwato.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wasemao farasi wasiingie kabisa, au walau wale wa biashara. Hoja yao ina mguu wa kisheria. Sheria ya 1964 inaruhusu huduma za kibiashara katika mapori kwa kadiri tu zinavyohitajika, na chama kimoja cha watembea kwa miguu kiliipeleka idara ya hifadhi mahakamani kuhusu Sequoia na Kings Canyon. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho iliona kwamba idara haikuwa imepima ipasavyo hitaji hilo ni la kiasi gani. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu vibali viendelee wakati mpango mpya ukiandaliwa, na mpango huo ukakamilika mwaka 2015. Mimi naona mahakama iliuliza swali sahihi. Hata hivyo, kufuta nyumbu wote hakufuti mzigo. Mbao za daraja bado zitatakiwa, na zisipopanda kwa kwato zitapanda kwa helikopta, ambayo kelele yake ndiyo hasa sheria ilitaka kuiepuka. Na mtu mzee, au mwenye magoti mabovu, atakuwa ameambiwa kwamba pori ni la vijana wenye nguvu. Kwetu Kilimanjaro mzigo huo hubebwa na wapagazi, kilo zao zikiwa zimewekewa ukomo. Ni suluhisho la nyasi, lakini si suluhisho lisilo na gharama, kwani gharama imehamia kwenye shingo ya mtu.

Halafu wapo wanaosema upimaji ni ghali, na kwamba kiwango chochote utakachoweka ni cha kubuni. Kwa ughali, nakubali kwa sehemu. Mabonde ni mengi na watumishi hawatoshi. Ndiyo maana si lazima kila bonde lipimwe kila mwaka. Yapimwe yale yanayolaliwa sana, na yale yenye udongo mbichi, mengine yakaguliwe kwa zamu. Kwa kiwango, nasema waziwazi: sayansi haiwezi kukuambia ukubali hasara ya kiasi gani. Inaweza kukuambia kwamba ukilisha hivi utapoteza vile. Je, kupungua kwa majani kwa asilimia 10 kunavumilika katika hifadhi? Huo ni uamuzi wa watu, na watu wana haki ya kuujadili. Kinachoudhi ni pale uamuzi huo unapofanywa kimyakimya kwa kutofanywa, mwaka baada ya mwaka, huku kila mmoja akidhani mwingine ameshaangalia.

Wazo la kusubiri majani si geni kwa msikilizaji wa huku. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linafungwa mvua zinapoanza, majani yanaachwa yakue na kukomaa, kisha linafunguliwa kiangazi kikali, na mara nyingi kipande kwa kipande. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, mwaka ule ule wa mpango wa Sequoia, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuufufua utaratibu huo ambao wazee hawakuwa wameusahau. Ngitili hufungwa ili mifugo ile baadaye, na bonde la Sierra hufungwa zaidi kwa ajili ya bonde. Malengo hayafanani, lakini kote kuwili hali ya malisho yenyewe ndiyo husema mlango ufunguliwe lini. Katika nyanda za juu za Ngorongoro, ambako punda wa Wamasai hubeba mizigo ya watalii wanaotembea kwa miguu, kambi zinazotumiwa kila wiki katika msimu zinastahili kukaguliwa kwa jicho hilo hilo kabla kiduara cha vumbi hakijawa uwanja.

Limebaki jambo moja ambalo waongoza nyumbu wa California hulisema kwa uchungu, na wana haki. Si wanyama wa biashara tu wanaokula mabonde yale. Idara ya hifadhi ina farasi na nyumbu wake, wa askari na wa mafundi wa njia, nao hukaa mahali pamoja kwa wiki kadhaa kazi ikiwa ndefu. Kama kipimo ni kilichobaki, basi bonde halitofautishi nyumbu wa serikali na nyumbu wa mwenye kibali, na daftari lisitofautishe pia: usiku wa wanyama wote uandikwe katika safu moja, na kiwango kikifikiwa, kambi ya mafundi ndiyo itangulie kuhama. Kisha yawepo mabonde machache ya kila aina ambayo hayaliwi na yeyote, wala farasi wa mkuu wa hifadhi. Bila hayo, miaka 20 ijayo hakutakuwa na kitu cha kulinganisha, na mjadala wa nyumbu na kulungu utarudi palepale.